Mchele Haukulala

Somo la kusoma nyumbani: Mathayo 21:28–32

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za vitumbua. Najua mwingine atasema, Je, kasisi ameishiwa na mahubiri? Nivumilieni kidogo.

Watu wa Pwani hawana haja ya kuelezwa kitumbua ni nini. Lakini kwa ajili ya ndugu zetu wa bara, ambao kama mimi walilelewa kwa chai na viazi vitamu, niseme kwamba ni mkate mdogo wa mviringo, wa mchele na tui la nazi, wenye harufu ya iliki, unaopikwa katika chuma chenye vishimo. Mimi nilikuwa nimevila miaka mingi, wala sikuwahi kujiuliza vinafanywaje.

Katika parishi yetu yuko bibi mmoja, mjane, ambaye zamani alikuwa akileta vitumbua baada ya ibada, na watoto wakimzunguka kama vifaranga. Baadaye macho yake yaliingia ukungu, na miguu ikamshinda, akawa mtu wa kitandani. Jumatano moja nilimpelekea Ushirika Mtakatifu. Nilikuwa na haraka, maana halmashauri ya kanisa ilikuwa ikiningoja. Nilipofika mlangoni alisema kwa sauti ndogo kwamba angetamani kuonja tena kitumbua cha nyumbani, si cha kununua. Nikamjibu kwa uchangamfu, "Ondoa shaka, bibi. Jumamosi nitakupikia kwa mikono yangu mwenyewe." Akacheka, nami nikacheka, nikaenda zangu.

Nilisema vile jinsi watu wasemavyo, ili niondoke kwa uzuri. Kumbe mwenzangu ameyashika maneno. Siku ya pili yake nikakutana na jirani yake sokoni, akaniambia, "Twasikia Jumamosi wapika, Mchungaji!" Basi nikajua kwamba nimefungwa.

Ijumaa jioni, baada ya kutoka mazishini, ndipo nilipoanza. Niliazima chuma, nikanunua mchele, nazi, hamira, sukari na iliki. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mchele hulowekwa kwanza, nami nikauloweka kwa muda wa saa moja, nikaona yatosha, kwa kuwa usiku ulikuwa umekwenda. Nikausaga pamoja na tui, nikatia hamira na sukari, nikakoleza makaa mpaka yakawa mekundu sana. Vya kwanza vilishika chuma vikakataa kutoka. Vya pili viliungua nje, na ndani vikabaki uji. Vya tatu vilitoka vizima, lakini kuvitafuna kulikuwa kama kutafuna mchanga wa ufuoni. Mke wangu alikula kimoja kwa uaminifu wa ndoa, akanywa maji mengi.

Asubuhi na mapema nilitoka nje ya lango. Hatua kama thelathini kutoka kwetu huketi mama mmoja auzaye vitumbua, vyekundu, laini, vinavyotoa moshi. Nilikuwa na fedha mkononi. Nikawaza, nikinunua kumi nikavifunika kwa kitambaa changu, nani atajua? Yule bibi haoni vizuri, naye atafurahi. Yule mama akaniuliza, "Nikufungie vingapi, Mchungaji?" Nami nikashindwa kujibu.

Wapendwa, mwajua ule mfano wa Bwana Yesu wa baba mwenye wana wawili, aliyewatuma kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Mmoja alikataa, kisha akajuta akaenda. Mwingine alikubali kwa adabu nyingi, wala hakwenda. Mimi nimeuhubiri mfano huo mara nyingi, na kila mara nikiwatazama walio mbele yangu. Lakini Bwana aliutoa hekaluni, akisema na wakuu wa makuhani na wazee, yaani watu wa kazi kama yangu. Sisi ndio wenye "ndiyo" nyepesi. Nitakuja kukuona. Nitakukumbuka katika maombi. Nitalishughulikia jambo lako. Nikiwa nimesimama pale na fedha yangu, nikakumbuka kwamba mwaka ule nilikuwa nimemwahidi yule bibi kumtembelea mara nyingi, na zaidi ya siku za Ushirika sikuwa nimekanyaga kwake hata mara moja. Hakulalamika. Pengine alikuwa amezoea.

Nikamwambia yule mama, "Leo sinunui." Nikarudi nyumbani, nikavitia vile vibaya katika bakuli, nikaenda.

Bibi alipapasa kimoja kwa vidole, akakimega, akatafuna polepole. Nilingoja kama mtoto mbele ya mwalimu. Akasema, "Mchele haukulala, mwanangu. Na moto ulikuwa na hasira."

Kisha akanifundisha, naye amelala vile vile. Mchele sharti ulale majini usiku kucha, ili punje iingie maji mpaka moyoni. Hapo ndipo husagika ukawa laini. Tui liwe zito, la kwanza, tena lisizidi, maana rojo likiwa jepesi kitumbua hulala chali na kunywa mafuta. Lidondoke kutoka kwenye upawa kwa uzito, kama uji wa mgonjwa anayepata nafuu (ndivyo alivyosema). Hamira ikishatiwa, liachwe mahali penye joto, saa moja au mbili, mpaka liumuke na kutoa mapovu. Wala lisisahauliwe, kwa sababu mchele hauna mnato wa ngano wa kuishika ile hewa kwa muda mrefu, nalo likichelewa hushuka na kuchacha. Chuma kipashwe moto na kupakwa mafuta kabla ya kumiminwa chochote. Makaa yawe ya wastani. Kitumbua kigeuzwe kwa kijiti pembeni zikishakauka, si kabla. "Wewe ulitaka kukigeuza upesi uende zako," akaniambia. Sikuwa nimemweleza neno juu ya hilo.

Nilimwomba radhi kwa vitumbua, na pia kwa zile ahadi nyingine. Hakujibu habari za ahadi. Akasema, "Jumamosi ijayo niletee vingine."

Nikapeleka. Mchele ulikuwa umelala, lakini sukari ilizidi, vikaungua upesi. Akanikosoa, tukazungumza habari za marehemu mumewe, na za wakati alipobatizwa, hata adhuhuri ikatukuta. Jumamosi ya tatu niliamka kabla ya jogoo, nikakuna nazi mwenyewe, nikakaa karibu na jiko bila kuondoka. Nikamfikishia sita vikiwa bado na joto.

Alikula kimoja chote bila kusema. Akachukua cha pili, akakiweka juu ya kisahani kwa ajili ya mjukuu wa jirani. Kisha akajifuta vidole kwa upindo wa leso yake, akanionyesha kiti.

"Hivi ni vitumbua," akasema. "Sasa keti, mwanangu, unisomee zaburi. Na leo usisome ile fupi."