Hofu Isiyo na Sura: Upatanisho wa Ngeli katika Hadithi na Filamu za Kutisha

1.0 Utangulizi

Hadithi fupi za kutisha na filamu za kutisha aghalabu hulinganishwa kwa kuulizwa ni zipi zinazoogofya zaidi. Swali hilo halina jibu moja, kwani kiasi cha hofu hutegemea mtu na mazingira yake. Kwa mwanaisimu, swali lenye manufaa zaidi ni hili: kila utanzu hutumia nyenzo gani kumficha au kumfichua mtishaji? Makala haya yanadai kwamba Kiswahili kina nyenzo ya kisarufi ambayo kamera haina, nayo ni upatanisho wa ngeli. Dai hilo linafafanuliwa kwa mifano ya kazi za kigeni na za Kiswahili, kisha linapimwa katika Bonde la Kilombero, mahali kama Mofu, kata ya wakulima wa mpunga na wavuvi, ambako habari za uchawi si burudani tu.

2.0 Kuficha na Kuonyesha

Katika hadithi ya W. W. Jacobs iitwayo "The Monkey's Paw" (1902), wazazi wanaomba mwana wao aliyekwisha kuzikwa arudi. Usiku mlango unabishwa. Unapofunguliwa hatimaye, njia ni tupu. Msomaji hamwoni abishaye, na kwa sababu hiyo humwumba mwenyewe akilini.

Filamu hukabiliwa na tatizo la namna nyingine. Hadithi ya M. R. James, "Casting the Runes" (1911), ilitengenezewa filamu na Jacques Tourneur mwaka 1957 kwa jina la Night of the Demon. Mwongozaji huyo, ambaye katika Cat People (1942) alikuwa ametisha kwa vivuli na sauti, hakutaka pepo aonyeshwe waziwazi. Mtayarishaji alishikilia aonyeshwe, na wahakiki wamelijadili jambo hilo tangu wakati huo. Hata hivyo, kificho cha kamera kina mpaka. Kivuli kinachopanda ngazi katika Nosferatu (1922) ya F. W. Murnau ni kivuli tu, lakini tayari kina kichwa, mikono na kucha.

3.0 Nyenzo za Kisarufi

Kwa kawaida, nomino za viumbe hai katika Kiswahili hupatanishwa kwa a-/wa- bila kujali ngeli ya umbo lake: kiboko anakuja, si kinakuja. Kaida hiyo inapovunjwa, maana hubadilika. Methali isemayo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" inampa mlaji, ambaye bila shaka yu hai, kiambishi li-. Zimwi linakula na kujua kama mtu, lakini sarufi inalinyima utu.

Zaidi ya hayo, kitenzi cha Kiswahili kinaweza kusimama bila nomino. Tuchukue mfano ufuatao:

(a) Alipiga hodi. Hakuna aliyeitika. Akapiga tena.
(b) Kilipiga hodi. Hakuna aliyeitika. Kikapiga tena.

Tofauti ya (a) na (b) ni silabi chache tu, lakini (b) imekwisha kumwambia msikilizaji kwamba aliye mlangoni si mtu, bila kumwambia ni nini. Kama ingekuwa "lilipiga", kisicho mtu hicho kingekuwa pia kikubwa na kizito. Mwandishi wa Kiingereza anacho kiwakilishi kimoja cha kazi hiyo. Msimulizi wa Kiswahili anachagua kati ya kadhaa, na kila kimoja kina kivuli chake cha maana.

Nyenzo ya pili ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda: "amechukuliwa", "amelogwa". Yafaa nyenzo hizi mbili zitenganishwe, maana matokeo yake ni kinyume. Kiambishi ki- au li- hulifunga swali la utu: mtishaji si jirani. Kauli ya kutendwa hulifungua, kwani anayesikia "amelogwa" huuliza papo hapo, "Na nani?"

4.0 Sura na Tuhuma

Swali hilo la mwisho lina uzito nje ya fasihi. Katika sehemu kadhaa za Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu yatokanayo na moshi wa jikoni. Filamu haiwezi kusema "kilikuja" ikaishia hapo. Sharti mchawi wake apewe mwili wa mwigizaji, naye akipewa mwili wa bibi kizee, mtazamaji hutoka na sura anayoweza kuifananisha na ya mtu. Katika Shumileta (2005) ya Mussa Banzi, hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa mtishaji ni jini mwenye umbo la mwanamke mrembo. Euphrase Kezilahabi naye, katika hadithi fupi "Mayai Waziri wa Maradhi", anaigeuza tuhuma ielekee juu: mizuka ya watoto waliokufa inamwendea mwenye madaraka.

Katika Bonde la Kilombero na Ulanga jirani, jamii imelijibu swali la "na nani?" kwa njia ya pekee. Desturi ya kunyolewa ili kuondoa uchawi, iliyochunguzwa na mwanaanthropolojia Maia Green, huwahusisha anayetuhumu na anayetuhumiwa kwa pamoja. Tuhuma inapozwa pasipo lazima ya kuthibitisha mwenye hatia. Msikilizaji wa Mofu, basi, anaishi katika mazingira ambamo kutomtaja mtenda si mbinu ya sanaa tu, bali ni njia ya kuishi na jirani.

5.0 Msimulizi Ndani ya Filamu

Mipaka ya tanzu hizi mbili haikuwa thabiti daima. Katika mabanda ya video ya Tanzania, filamu za kigeni zilipata wasimulizi wa Kiswahili, maarufu kati yao akiwa Lufufu, ambao sauti zao ziliwekwa juu ya picha. Msimulizi wa namna hiyo hulazimika kuamua: kiumbe aliye mbele ya macho ya watazamaji ni "anakuja" au "linakuja"? Picha imekwisha kumpa sura; kiambishi ndicho kitakachoamua kama sura hiyo ni ya mtu.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba hadithi na filamu hutofautiana si kwa kiasi cha hofu, bali kwa namna zinavyomshughulikia mtenda. Filamu humpa sura. Sarufi ya Kiswahili inaweza kumnyima. Mwandishi, mfasiri na msimulizi wa filamu wanapochagua kati ya a-, ki- na li- hawachagui mtindo tu. Wanaamua iwapo hofu itabaki kwa zimwi, au itamfuata bibi mmoja hadi mlangoni pake.