Kompyuta na Maumivu ya Kifua

Mtu anapofikishwa hospitali akilalamika maumivu ya kifua, daktari wa zamu hukabiliwa na swali zito: je, misuli ya moyo inakufa kwa kukosa damu, au maumivu hayo yatoka tumboni, mbavuni au mapafuni? Akimrudisha nyumbani mwenye mshtuko wa moyo, mgonjwa aweza kufa. Akiwalaza wote, vitanda vya uangalizi maalumu hujaa.

Mwaka 1982, Lee Goldman na wenzake nchini Marekani walieleza njia ya kurahisisha uamuzi huo. Kompyuta ilichambua habari za wagonjwa 482, na kutokana nazo dalili tisa zikapangwa kwa mfuatano wa maswali. Njia hiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa wengine 468, ilikuwa sahihi sawa na madaktari. Ilipounganishwa na uamuzi wa madaktari, kati ya kila watu 100 wasio na mshtuko, waliotambuliwa barabara waliongezeka kutoka 67 hadi 77, bila kupungua kwa wenye mshtuko waliogunduliwa.

Swali mojawapo lahusu elektrokadiogramu, yaani mchoro wa umeme wa moyo: je, kasoro inayoonekana ni mpya? Kovu la zamani laweza kuacha alama inayofanana na hatari ya leo. Jibu limo katika mchoro wa awali. Jalada la karatasi huenda limefungiwa kabatini usiku huo. Kumbukumbu za kompyuta huuleta mchoro mara moja, mradi ulihifadhiwa. Hivyo, kutunza kumbukumbu kwa uangalifu ni sehemu ya tiba yenyewe.