Vidole kumi vinapobeba kazi ya okestra nzima

HEBU weka kiganja chako juu ya meza, msomaji. Kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja na uache vingine vimenyooka. Inua kidole cha shahada: kinainuka bila taabu. Sasa inua kidole cha pete. Hakitaki kuondoka mezani, hata ukikitukana.

Usiogope, hujapooza. Misuli mikubwa inayovuta vidole haimo vidoleni. Iko katika sehemu ya mkono iliyo kati ya kisugudi na kiganja, nayo huvivuta kwa kano ndefu mithili ya kamba. Kano za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho zimeshikana nyuma ya kiganja, kwa hivyo kimoja kikizuiwa jirani yake naye huzuilika. Ndivyo tulivyoumbwa, na hakuna mazoezi yatakayozitenganisha.

Nimeanza na kidole hicho kwa sababu kuna watu wanaokitaka kifanye kazi ya mpiga fidla, huku cha jirani kikifanya ya mpiga filimbi, na mkono wa kushoto uwe ngoma, tarumbeta na besi kwa pamoja. Hao ni wapiga piano wanaocheza simfoni nzima peke yao. Simfoni, kwa asiyejua, ni muziki mrefu ulioandikiwa okestra, yaani kundi la wanamuziki ambao mara nyingi hupita 50.

Aliyewaletea wengi wao balaa hii ni Franz Liszt, Mhungari aliyezaliwa mwaka wa 1811 na ambaye wengi humtaja kuwa mpiga piano hodari kuliko wote wa karne yake. Mwaka wa 1837 alianza kuandika upya simfoni za Beethoven ili mtu mmoja aweze kuzicheza kwa piano. Alipofika sehemu ya mwisho ya simfoni ya tisa, ambapo Beethoven aliongeza kwaya juu ya okestra, alitaka kukata tamaa. Alimwandikia mchapishaji wake kwamba mikono miwili haitoshi. Mchapishaji alimsihi ajaribu tena, na hatimaye zote tisa zikachapishwa mwaka wa 1865.

Huenda ukauliza: taabu yote hiyo ya nini? Kumbuka kwamba siku hizo hapakuwa na redio wala santuri. Mtu aliyeishi mji usio na okestra angeweza kufa bila kusikia simfoni hata moja, ila kama jirani yake alikuwa na piano. Mwaka wa 1835 Robert Schumann, Mjerumani aliyekuwa mtunzi na pia mhakiki, aliandika uhakiki mrefu wa simfoni ya Mfaransa Berlioz akitumia toleo la piano la Liszt tu. Okestra yenyewe hakuwa ameisikia ikiicheza.

Leo santuri na kanda tunazo, na bado kuna wanaozicheza. Mkanada Glenn Gould alitoa rekodi ya simfoni ya tano mwaka wa 1968. Idil Biret, mwanamke kutoka Uturuki, alizicheza zote tisa mbele ya watu huko Montpellier, Ufaransa, mwaka wa 1986.

Hakuna pa kupumzika

Ugumu wake si wingi wa noti peke yake. Ichukue simfoni ya tano, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Ina sehemu nne na huchukua zaidi ya nusu saa. Wapiga tromboni hukaa kimya sehemu tatu nzima wakingojea ya mwisho. Mpiga tarumbeta naye hupiga kidogo kisha akaweka chombo chake mapajani. Katika okestra kila mwili una zamu yake ya kupumzika. Mpiga piano hana zamu, kwa sababu kila anayenyamaza hupokewa na mwingine, na wote hao ni yeye.

Tena kuna tatizo la sauti yenyewe. Fidla inaweza kushikilia noti moja mpaka upinde uishe. Noti ya piano huanza kufa mara tu inapopigwa. Ili kuiga fidla nyingi zinazovuma pamoja, au ngoma inayonguruma katika tufani ya simfoni ya sita, Liszt alitumia kitu kiitwacho tremolo: mkono hutikisika haraka haraka kati ya noti mbili bila kukoma, wakati mwingine ukurasa mzima. Jaribu kutikisa mkono wako hivyo juu ya meza kwa dakika mbili tu. Mimi nilijaribu nikiwa naandika makala haya, na kabla dakika ya pili haijaisha mkono ulikuwa unawaka moto karibu na kisugudi.

Sasa chukua rula. Tanua mkono wako na upime kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Oktava moja, ambayo mpiga piano wa kazi hii huikamata mamia ya mara, inataka nafasi ya sentimita 16.5 hivi kutoka katikati ya kibonye kimoja hadi katikati ya kingine. Mahali pengine hutakiwa noti kumi, ambazo ni sentimita 21. Mwenye mkono mdogo huufikia umbali huo kwa kuukaza kama upinde, na mkono uliokazwa hivyo huchoka na kuumia upesi. Josef Hofmann, mmoja wa wapiga piano mashuhuri wa mwanzo wa karne ya 20, alikuwa na mkono mdogo, na kampuni ya Steinway ilimtengenezea piano yenye vibonye vyembamba. Wengine wetu hatuna bahati hiyo. Isitoshe, piano ambazo Liszt alizitumia katika ujana wake zilikuwa na vibonye vyepesi kuliko hizi za leo.

Mkono unapogoma

Kano hupita ndani ya mifuko yenye utelezi. Zikivutwa mno bila kupumzishwa, mifuko hiyo huvimba, na kila kidole kinapokunjwa mtu huhisi maumivu. Penye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo kano tisa hupita pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Uvimbe ukiingia hapo, mshipa hubanwa, na kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku. Msusi, fundi wa cherehani na karani wa kupiga taipu wanaijua hali hiyo bila kugusa piano.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ni mwerevu zaidi, kwa sababu mara nyingi hauumi. Vidole hujikunja vyenyewe mtu anapoanza kupiga, lakini akishika kijiko havina neno. Hapa kasoro iko katika ubongo. Sehemu zinazosimamia kila kidole huwa kama zimechanganyikana. Mwamerika Leon Fleisher alipatwa nao mwaka wa 1964, akiwa na umri wa miaka 36 na akifanya mazoezi saa nyingi kila siku. Kidole cha pete na cha mwisho cha mkono wa kulia vilijikunja chini ya kiganja. Kwa miaka 30 hivi alicheza muziki ulioandikiwa mkono wa kushoto tu, akafundisha na kuongoza okestra. Katika miaka ya 1990 sindano za kulegeza misuli zilimsaidia kurudi, na mwaka wa 2004 akatoa rekodi ya mikono miwili. Hakupona kabisa, na sindano aliendelea kuzihitaji. Alifariki mwaka wa 2020.

Schumann yule tuliyemtaja naye aliharibikiwa na mkono wa kulia kabla ya kutimiza miaka 23. Alikuwa ametumia kifaa cha kulazimisha kidole kiwe na nguvu. Matibabu aliyoandikiwa na daktari yalikuwa kutumbukiza mkono ndani ya matumbo ya mnyama aliyechinjwa punde. Hayakufaa kitu, na hapo ndipo alipogeukia utunzi.

Basi wanaofaulu hufanyaje? Kwanza, tremolo hawaipigi kwa vidole. Huzungusha mkono mzima kuanzia kwenye kisugudi, kama mtu anayefungua kitasa, vidole vikibebwa tu. Sauti kubwa huitoa kwa kuangusha uzito wa mkono na bega, si kwa kugonga. Huketi kwa kimo kinachofanya kisugudi kiwe sawa na vibonye. Noti ambazo mkono haufiki huzivunja, ya chini ikitangulia na ya juu ikifuata, pedali ikizishikilia. Nao husoma kurasa nyingi kichwani, mbali na piano, kwa kuwa mkono una kikomo cha kazi kwa siku.

Ikiwa mwanao anajifunza piano au kinanda cha kanisani, mpumzishe kila baada ya dakika 25 au 30, na usimwongezee saa za mazoezi kwa ghafla mtihani unapokaribia. Mwalimu akimwambia avumilie maumivu mpaka mkono uzoee, mtafutie mwalimu mwingine. Maumivu yanayobaki hadi kesho yake yanahitaji siku kadhaa za mapumziko. Ganzi, udhaifu wa kushika kikombe, au kidole kinachojikunja bila kuamriwa ni mambo ya kumpelekea daktari mapema, wala usikubali kukandwa kwa nguvu au kununuliwa kifaa cha kunyoosha vidole.

Na akitamani simfoni, aanze na sehemu ya pili ya ile ya tano, ambayo ni ya polepole, na mahali noti zinapomzidi aziache zile za katikati. Masikio ya wasikilizaji hufuata noti ya juu kabisa na ya chini kabisa. Za katikati zikipungua, wachache sana watagundua.