Kyavinyonge: kuchora ziwa Edouard kwa rangi za mafuta, mlima wa mbali usiwe kijani

Mtu anayetoka Butembo kwa njia ya Kyondo hufika mahali ambapo barabara inateremka kwa nguvu, na ziwa Edouard linaonekana chini, jeupe kama bati jipya. Mji wa Butembo uko zaidi ya mita 1700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 915. Katikati ya hizo mbili ndipo yanaposimama magenge ya milima ya Mitumba, na ndiyo yanayomshinda mchoraji akikaa kwenye mchanga wa Kyavinyonge na kutazama magharibi.

Kosa ni lile lile. Mchoraji anajua kwamba mlima una majani, basi anaupaka kijani kile kile alichopaka matete ya ufukweni. Akimaliza, mlima unakuwa ukuta uliojengwa nyuma ya mitumbwi.

Kati ya jicho na mlima kuna hewa yenye mvuke, vumbi na moshi wa mashamba. Hewa hiyo hutawanya mwanga, na ule wa buluu hutawanyika zaidi kuliko mwekundu. Kwa hiyo sehemu zenye giza ndizo zinazobadilika kwanza: kivuli cha bonde la mbali hakiwi cheusi tena, kinakuwa buluu hafifu. Leonardo da Vinci aliandika juu ya jambo hili zaidi ya miaka 500 iliyopita, akishauri kwamba kitu cha mbali kipakwe buluu zaidi. Wachoraji huliita perspektivu ya hewa.

Kwa rangi za mafuta, kazi inaanzia mbali na kuja karibu. Anga kwanza, halafu mgongo wa mwisho wa milima: nyeupe nyingi, buluu kidogo, na tone la udongo mwekundu ili buluu isipige kelele. Rangi hiyo iwe nyepesi, iliyochanganywa na terebentini. Mgongo unaofuata uongezewe giza kidogo, na ukingo wake ulainishwe kwa pinso kavu. Nyeusi ya chupa iachwe nyumbani. Ukifika kwenye mitumbwi, nyavu na kiboko anayechungulia, hapo ndipo rangi nzito yenye mafuta ya kitani, kijani halisi na kingo kali zinaruhusiwa. Nzito juu ya nyepesi. Ukigeuza, rangi itapasuka ikikauka.

Saa nayo ina neno lake. Asubuhi jua linatoka upande wa Uganda na kuyapiga magenge usoni, hata makorongo yanahesabika. Jioni jua linashuka nyuma ya milima hiyo hiyo, yote inakuwa vivuli vya buluu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Anayejifunza aanze na jioni. Baada ya mvua kubwa hewa inasafishwa na mlima unasogea karibu. Siku hiyo somo ni gumu.

Si lazima kila mtu achore hivyo. Pilipili Mulongoy, wa atelie ya Hangar iliyoanzishwa Lubumbashi na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, alijaza picha zake samaki na ndege bila umbali wowote, na zinapendeza hadi leo. Lakini anayetaka watu waione Kyavinyonge yenyewe hawezi kuikwepa hewa yake.

Hasa upande wa mashariki. Huko hakuna genge, kuna maji tu yanayofifia mpaka maji na anga vinakuwa rangi moja. Ndani ya weupe huo unapita mpaka wa Kongo na Uganda. Mwezi wa saba 2018 majeshi ya nchi hizo mbili yalirushiana risasi ziwani na watu walikufa. Wavuvi Wakongomani wamekamatwa mara nyingi wakishtakiwa kwamba wamevuka. Anayetaka kuchora huko awaone kwanza viongozi wa mahali, maana mtu anayekaa saa nzima akitazama maji na kuandika kitu huulizwa maswali.

Mtumbwi wa karibu upakwe hudhurungi, na mbao zake zionekane. Wa pili uwe wa kijivu. Wa tatu unatosha mguso mmoja wa pinso, mweupe kidogo kupungua maji yanayouzunguka, bila ukingo na bila mstari wowote nyuma yake, kwa sababu mvuvi aliyemo hauoni mstari huo.