Michirizi ya Vanishi Katika Samani za Nyumbani



Katika nyumba nyingi za watu wetu walioko ughaibuni hamkosi kitu cha mbao kisichokuwa na bei: kasha la nakshi lililotoka kwa bibi, marufaa ya kusomea Msahafu, au meza ya msaji iliyosafirishwa kwa gharama kubwa kuliko thamani yake sokoni. Kitu hicho kikifubaa, mwenye nyumba hununua kopo la vanishi isiyo na rangi, ile ya kupakwa kwa kitambaa badala ya brashi, akaipaka jioni moja, hasa pale Idi au harusi inapokaribia. Asubuhi akifungua pazia anakuta michirizi: huku panang'aa, huku pamefifia, na kati yake mistari iliyovimba kidogo kama njia za konokono.

Hapo watu wengi hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama humwaga tabaka jingine zito ili kuifunika michirizi, ama huchukua msasa mkali na kuukwangua ubao mpaka uwe mweupe. La kwanza huongeza michirizi. La pili ni baya zaidi, kwa sababu rangi ile ya hudhurungi iliyojengeka kwa miaka mingi ya mikono na mafuta hairudi tena, na nakshi iliyopoteza ncha zake hakuna fundi wa kuirudisha kama ilivyokuwa.

Jambo la kufahamu ni kwamba michirizi hiyo, mara nyingi, imo katika vanishi yenyewe, wala haimo katika mbao. Kuna njia nyepesi ya kuhakikisha. Vanishi ikisha kukauka barabara, lowesha kitambaa kwa tapentaini kidogo, upanguse mahali pale penye ila. Iwapo michirizi inatoweka kwa muda na kurejea tapentaini inapokauka, basi ipo juu, nayo inatengenezeka. Iwapo inabaki ikionekana hata palipolowa, huenda ikawa ni mikwaruzo au rangi isiyoenea sawasawa chini ya vanishi, na hiyo ni kazi nyingine. Jaribio hili ni la vanishi ya mafuta. Kopo likiandikwa kwamba vyombo vioshwe kwa maji, hiyo ni vanishi ya maji, nayo ina masharti yake.

Sababu za michirizi si nyingi. Vanishi ya kupangusa kwa kawaida si kitu kipya, bali ni vanishi ile ile ya mafuta iliyozimuliwa ili ienee kuwa tabaka jembamba sana. Anayeipaka kwa wingi ameipoteza faida hiyo. Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kurudia. Vanishi huanza kushika baada ya dakika chache, na kitambaa kikirudi juu yake wakati huo huiburura na kuacha alama. Katika nchi za Ghuba, kwa joto lile, muda huo ni mfupi mno, na ni afadhali kazi ifanywe baada ya jua kuzama, mbali na kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja. Huku Uingereza wakati wa baridi mambo ni kinyume: vanishi hukawia kukauka, na mtu hupaka tabaka la pili juu ya la kwanza ambalo bado ni bichi. Pia vanishi isiyong'aa sana huwa imetiwa unga laini wa silika unaotuama chini ya kopo. Usipokorogwa vizuri, sehemu moja hung'aa na nyingine ikafifia. Ikoroge polepole kwa kijiti. Usilitikise kopo, maana mapovu yake utayakuta mezani.

Sasa tiba. Subiri. Saa 24 ndiyo kiasi cha chini, na penye baridi au unyevunyevu siku mbili au tatu. Bonyeza kwa kidole mahali pasipoonekana. Pakiacha alama, au msasa ukishika gundi badala ya kutoa vumbi jeupe, bado hapajakauka. Kisha chukua msasa wa kulowekwa wa namba 320 au 400, uuzungushie kipande cha mbao bapa, na usugue kidogo kidogo kwa maji yenye tone la sabuni, ukifuata nyuzi za mbao. Kusudi ni kuilaza ile mistari iliyovimba tu. Ukiona uji unaotoka si mweupe bali una rangi ya mbao, acha papo hapo. Pembeni mwa meza sugua mara mbili tatu na si zaidi, kwani ndipo vanishi inapokatika upesi. Penye nakshi na misumari ya shaba usitumie kipande cha mbao hata kidogo. Tumia msasa uliochakaa kwa ncha za vidole.

Pangusa vumbi, uache pakauke. Zimua vanishi ya mafuta iliyobaki kwa tapentaini, ukianza na sehemu moja ya tapentaini kwa sehemu mbili za vanishi. Kunja kitambaa cha pamba kisichotoa vinyweleo, fulana kuukuu au kanga iliyochuja rangi yote, kiwe kama mto mdogo. Kiwe na unyevu, kisidondoshe. Pitisha mara moja kutoka ncha hadi ncha, mstari ukigusana na mwenzake, na taa iwe imewekwa chini ubavuni ili mwanga wake uoneshe palipokosa. Ukiona palipokosa, paache! Tabaka lijalo litapafikia. Matabaka matatu membamba yanashinda moja zito, ingawa subira yake ni ngumu kwa mwenye wageni kesho.

Kama kilichobaki ni tofauti ya mng'ao tu, pengine hapahitaji vanishi tena. Acha wiki mbili tatu, kisha usugue taratibu kwa zile nyuzi laini za chuma ziuzwazo kwa namba 0000, na umalizie kwa nta. Nyuzi hizo zisitumiwe kati ya matabaka ya vanishi ya maji, kwani chembe zake hushika kutu.

Vile vitambaa ulivyotumia visifinyangwe na kutupwa jaani, hasa katika nyumba yenye watoto waliolala. Mafuta yanapokauka huvuta hewa na kutoa joto, na joto lililofungiwa ndani ya kitambaa kilichokunjwa laweza kuwasha moto bila kiberiti. Kila kimoja kitandazwe peke yake nje mpaka kiwe kikavu na kigumu, au vitiwe katika kopo la bati lenye maji na kufunikwa. Madirisha nayo yawe wazi muda wote wa kazi.

Ndani ya kasha pasipakwe vanishi ya mafuta kabisa. Harufu yake hufungika humo kwa miezi, na nguo zitanuka vanishi badala ya udi.