Chombo Kisichoweza Kurudi kwa Fundi



Baiskeli ikiharibika njiani, tunashuka na kuisukuma mpaka kwa fundi. Redio ikinyamaza, tunaifungua na kutazama betri. Lakini je, kitu kikiharibika mahali ambapo fundi hafiki kabisa? Hawezi kukishika wala kukiona. Anaweza kukisemesha tu, na jibu linakuja baada ya saa nyingi.

Kupeleka vyombo kwenye sayari kubwa za mbali ni kazi ya namna hiyo. Leo tutaeleza habari za chombo kimoja kiitwacho Voyager 2.

SAYARI KUBWA NI ZIPI?

Dunia yetu ni sayari, nayo inalizunguka jua. Ziko sayari nyingine saba. Nne kati ya hizo ni kubwa sana, na ziko mbali na jua. Majina yake ni Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Mshtarii na Zohali huonekana usiku kama nyota. Neptuni haionekani kwa macho matupu.

Mshtarii peke yake ingeweza kumeza dunia zaidi ya 1,000 kama hii yetu. Tena sayari hizi nne hazina ardhi ya kukanyaga. Chombo hakiwezi kutua juu yake. Kinapita karibu, kinapiga picha na kupima, halafu kinakwenda zake.

UGUMU WA KWANZA: UMBALI

Tuseme lori linakwenda kilomita 60 kwa saa, usiku na mchana, bila kupumzika. Kufika Mshtarii lingechukua zaidi ya miaka 1,000. Kufika Neptuni, zaidi ya miaka 8,000!

Chombo cha angani kina kasi kuliko lori mara nyingi sana. Lakini jua linakivuta nyuma njia nzima. Nacho hakiwezi kubeba mafuta mengi ya kushindana na jua, maana mafuta nayo ni mzigo.

Basi wataalamu wa Marekani wakatumia njia nyingine. Mmewahi kuona kijana wa baiskeli akishika nyuma ya lori linalokwenda? Ni jambo la hatari, msilijaribu. Lakini kijana yule anapata kasi bila kupiga pedeli. Chombo nacho kikipita nyuma ya sayari inayokwenda, mvuto wa sayari unakikokota. Kinapoachana nayo, kasi yake imeongezeka.

Ili kupita sayari zote nne hivyo, lazima ziwe zimekaa kwa mpango unaofaa. Jambo hilo hutokea mara moja tu kila miaka 175 hivi. Nafasi ilipatikana miaka ya 1970. Kama ingepotea, hata wajukuu wetu wasingeiona nyingine.

Voyager 2 ilirushwa kutoka Florida, Marekani, tarehe 20 Agosti 1977. Mwenzake, Voyager 1, alirushwa tarehe 5 Septemba mwaka huo huo. Huyo alipangiwa Mshtarii na Zohali tu.

UGUMU WA PILI: UKIZIWI

Mwezi Aprili 1978, kabla hata ya kufika sayari ya kwanza, balaa likaingia. Voyager 2 ilikuwa na redio mbili za kusikilizia amri kutoka duniani. Redio kubwa ikafa. Ile ya akiba nayo ikaonekana ina hitilafu.

Mnajua redio ambayo kifundo cha kutafutia stesheni kimevunjika? Inasikia mahali pamoja tu. Ndivyo ilivyokuwa. Na mahali penyewe palihamahama, kufuatana na joto la chombo. Basi kwa kuwa redio haikuweza kuitafuta stesheni, stesheni ikaanza kuitafuta redio! Kila mara kabla ya kutuma amri, mafundi walipiga hesabu kujua chombo kitasikia wapi. Kwa njia hiyo kikaendelea kuongozwa.

UGUMU WA TATU: KUKWAMA

Voyager 2 ikapita Mshtarii Julai 1979, na Zohali Agosti 1981. Mara tu ilipopita Zohali, mkono unaozungusha kamera ukakwama.

Mafundi wangefanyaje? Walichukua vifaa vya namna ile ile hapa duniani, wakavizungusha mpaka navyo vikakwama. Wakatambua kuwa grisi ilikuwa imehama kwa sababu ya kuzungushwa kwa haraka. Dawa ikawa ni kwenda polepole.

UGUMU WA NNE: GIZA

Huko Neptuni mwanga wa jua ni hafifu mara 900 kuliko hapa kwetu. Umeme wa jua usingetosha. Ndiyo maana chombo kilipewa plutoni, kitu kinachotoa joto chenyewe kwa miaka mingi, na joto hilo hugeuzwa umeme.

Picha nazo zilikuwa shida. Penye giza, kamera lazima ifunguliwe muda mrefu zaidi. Lakini chombo kinakwenda mbio, kwa hiyo picha ingetoka na ukungu. Mafundi wakakifundisha chombo kizima kujigeuza taratibu huku kikipiga picha, kama mtu anavyogeuza shingo kufuata ndege arukaye.

MATOKEO

Tarehe 24 Januari 1986 Voyager 2 ikapita Uranusi. Ikaonyesha miezi 10 ambayo haikujulikana. Tarehe 25 Agosti 1989 ikapita Neptuni, baada ya safari ya miaka 12. Ikaonyesha miezi mingine 6. Mpaka leo hakuna chombo kingine kilichozifikia sayari hizo mbili.

Mwenzake naye alipata ugonjwa. Novemba 2023, Voyager 1 ilianza kutuma maneno yasiyoeleweka. Ujumbe ulichukua saa 22 na nusu kuifikia, na jibu saa nyingine 22 na nusu. Mafundi wakafungua karatasi za zamani, zilizoandikwa na wale waliokiunda chombo miaka mingi nyuma. Wakagundua kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta yake kimekufa. Wakayahamisha maagizo yaliyokuwa humo, wakayaweka penye nafasi. Aprili 2024 chombo kikasema tena maneno ya maana.

Tuone basi, wasomaji wenzetu. Hakuna bisibisi iliyofika huko. Walichokuwa nacho mafundi ni hesabu, na maandishi ya waliotangulia. Kama wazee wale wasingeandika kazi yao, vijana wangetibu kwa kubahatisha.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mwaka 1977 haukuweza kuachwa upite?
2. Mafundi walijuaje kilichokwamisha kamera?
3. Ni kazi gani hapa kijijini ambayo maelezo yake tunapaswa kuwaandikia watakaokuja?