Siku Nzima kwenye Tamasha la Muziki Kando ya Ziwa: Mambo Ambayo Mkazi Anafaa Kujua

Tamasha kubwa la muziki wa kielektroniki lililo karibu zaidi na Kisumu hufanyika ng'ambo ya mpaka. Ni Nyege Nyege la Jinja, Uganda, safari ya saa kadhaa kwa barabara kupitia Busia. Lilianza mwaka 2015 kwenye ukingo wa mto Nile. Jina lake humchekesha msemaji wa Kiswahili, lakini waandaaji hulieleza kwa maana ya Kiganda: hamu ya ghafla ya kucheza, isiyozuilika.

Muziki wenyewe si mgeni kama wengi wanavyodhani. Hutengenezwa kwa kompyuta na mashine za midundo, lakini mizizi yake mara nyingi ni ya nyumbani. Singeli ilitoka mitaa ya Dar es Salaam. Kwa upande wa Nyanza, mwimbaji Olith Ratego aliuchukua mtindo wa dodo, ambao asili yake ni nyimbo za akina mama Waluo, akashirikiana na Mjerumani Sven Kacirek chini ya jina Odd Okoddo. Albamu yao, Auma, ilitoka mwaka 2019.

Tamasha la aina hii huchukua siku nzima, na mara nyingi usiku pia, mahali pa wazi. Kandokando ya Ziwa Victoria, anayepanga siku hiyo hana budi kufuata ratiba ya ziwa.

Asubuhi hadi alasiri: jua na maji

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa huchoma hata kukiwa na mawingu, na upepo wa ziwani humfanya mtu asilihisi. Anayecheza saa sita mchana hupoteza maji mengi mwilini, na pombe huongeza upungufu huo. Kofia, kivuli na maji safi ya kunywa ni mambo ya lazima. Maji ya ziwa yasinywewe bila kutibiwa, kwa sababu ya hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo. Kuoga ziwani ili kupata ubaridi nako kuna hatari: konokono wa maji ya kina kifupi hueneza kichocho, na aliyekunywa pombe huzama kwa urahisi. Anayepanda mashua avae jaketi la kuokoa maisha kabla haijaondoka.

Alasiri hadi jioni: radi

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa yenye unyevu huvutwa kutoka ziwani, hupanda na kuwa mawingu mazito. Ndiyo sababu mvua ya radi hunyesha mara nyingi alasiri na jioni upande huu wa ziwa, hasa misimu ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Watu wakiwa uwanjani, kosa la kawaida ni kukimbilia chini ya mti au hema. Hema halizuii radi, na mti mrefu huivuta. Mahali salama ni ndani ya jengo lenye kuta na paa, au ndani ya gari lililofungwa madirisha. Kipimo ni rahisi: mtu akiona umeme, ahesabu. Ngurumo ikisikika kabla hajafika 30, aondoke uwanjani, na asirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mwandaaji makini huwa amepanga mapema nani atazima mitambo na umati utaelekezwa wapi.

Usiku: kelele, masikio na viboko

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, burudani za umma, leseni za pombe na fuo za burudani. Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia baada ya saa 2 jioni hadi saa 12 asubuhi, na kiwango cha usiku katika maeneo ya makazi ni desibeli 35, yaani utulivu wa chumba cha kulala. Maji tulivu hayanyonyi sauti kama nyasi na miti, na besi hupenya kuta. Spika zilizoelekezwa vibaya zinaweza kumnyima usingizi mgonjwa, mtoto mchanga au mvuvi anayeamka alfajiri, hata akiwa mbali na jukwaa. Mwaka 2022 Nyege Nyege ilifanyika Itanda, penye maporomoko ya Nile nje ya mji wa Jinja, baada ya Bunge la Uganda kutaka lizuiwe na serikali kuliruhusu kwa masharti.

Anayecheza naye ana masikio ya kulinda. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, lakini ya desibeli 90 kwa saa 4 tu. Mwaka 2022 lilipendekeza sauti kwenye kumbi na matamasha isizidi wastani wa desibeli 100, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzikia. Masikio yakivuma baada ya muziki, hiyo ni dalili ya madhara, na usikivu ukipotea kabisa haurudi. Vizibo vya masikio na kusimama mbali na spika husaidia.

Giza likiingia, viboko hutoka majini kula nyasi. Wakazi wa Dunga na Hippo Point wanalijua hilo. Mgeni huenda halijui. Asitembee peke yake ufukweni, na kamwe asisimame kati ya kiboko na maji.

Kurudi nyumbani kupangwe kabla ya kwenda: nani ataendesha gari bila kunywa, na kundi litakutana wapi simu zikizima. Kwa dharura, piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199.